Windows 10 imeisha muda wake: Jinsi ya kuhamia Linux bila kupoteza nyaraka zako

Kwa familia nyingi za wakimbizi hapa Kigali, laptopu si chombo cha kazi tu. Ndani yake kuna skani ya diploma ya shule iliyobaki Bukavu au Bujumbura, nakala ya uthibitisho wa usajili wa familia, barua za kuomba ufadhili wa masomo, na picha za ndugu ambao hatujui kama tutawaona tena. Karatasi zenyewe zilipotea njiani, na kilichobaki ni faili.

Ndiyo maana swali ambalo watu wengi wanajiuliza sasa ni zito kuliko linavyoonekana: laptopu yangu inasema Windows 10 haihudumiwi tena, nifanye nini? Wengine wameshaambiwa wanunue mashine mpya. Wengine wamepeleka mashine kwa fundi "apige Windows upya" na wakarudishiwa ikiwa safi kabisa, haina faili hata moja.

Makala hii inaeleza kilichotokea, njia ulizonazo, na namna ya kuhama kutoka Windows kwenda Linux hatua kwa hatua ikiwa hiyo ndiyo njia utakayochagua. Inawahusu wakimbizi na pia majirani zetu Wanyarwanda, kwa sababu wote tunanunua laptopu zilizotumika katika maduka yale yale ya mjini.

Ni nini hasa kimetokea?

Kila kompyuta ina mfumo endeshi. Huo ndio programu kuu inayoamka kwanza unapowasha mashine na kuziongoza programu nyingine zote. Simu nyingi zina Android. Laptopu nyingi zina Windows.

Windows 10 ilitoka Julai 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuitengenezea marekebisho ya usalama ya bure kwa watu wote. Mashine haizimiki kwa sababu hiyo. Itawaka na kufanya kazi kama jana. Tofauti ni kwamba wezi wa mtandaoni wakigundua tundu jipya ndani ya Windows 10, tundu hilo halitazibwa kwenye mashine yako. Ni kama nyumba ambayo kufuli yake ikiharibika hakuna fundi atakayekuja kuitengeneza. Siku ya kwanza huoni tofauti, lakini hatari inaongezeka kila mwezi.

Mbona basi watu wasiende Windows 11? Wengine wanaweza. Lakini Windows 11 inadai mashine yenye RAM ya GB 4 au zaidi, diski ya GB 64 au zaidi, kifaa kidogo cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na prosesa isiyo ya zamani. Kwa prosesa za Intel, kwa kawaida lazima iwe ya kizazi cha 8 au baada yake, yaani zilizoanza kuuzwa mwaka 2017.

Laptopu nyingi zilizotumika, zinazoletwa kutoka maofisi ya Ulaya, ni za kabla ya hapo. Angalia jina la prosesa yako. Ikiwa imeandikwa i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, basi ni kizazi cha 6 na Windows 11 itaikataa. Ikiwa ni i5-8250U, ni kizazi cha 8 na huenda ikakubaliwa.

Ukitaka kujua mashine yako ina Windows gani, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika winver, kisha bonyeza Enter.

Njia nne zilizopo

1. Kupanda hadi Windows 11. Ikiwa mashine inakubaliwa, hii ni njia rahisi na ni bure kwa mwenye Windows 10 halali. Kuna mafundi wanaolazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine isiyokubaliwa. Inawezekana, lakini Microsoft yenyewe inasema haiahidi kuzipa mashine hizo marekebisho. Utakuwa umerudi palepale.

2. Kuongeza muda wa Windows 10. Microsoft ilitangaza mpango wa kuendelea kutoa marekebisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kujiandikisha kunafanyika ndani ya mipangilio ya Windows, kwenye ukurasa wa masasisho, na unahitaji kuwa na akaunti ya Microsoft. Unaweza kulipa dola 30 za Marekani, au usilipe kitu ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo. Njia hii inakununulia muda wa kujipanga. Haimalizi tatizo.

3. Kubaki ulivyo. Kwa mashine isiyoingia kabisa mtandaoni, inayotumika kuandika au kutazama filamu tu, hatari ni ndogo. Kwa mashine unayofungulia barua pepe na nyaraka za familia, si busara.

4. Kuhamia Linux. Huu ni mfumo endeshi mwingine. Ni wa bure, unaendelea kuhudumiwa, na unaishi vizuri kwenye mashine za zamani. Sehemu iliyobaki ya makala inahusu njia hii.

Linux ni nini, na kwa nini ni bure?

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland. Alichokiandika alikiweka wazi ili mtu yeyote akisome, akirekebishe na kukigawa. Maelfu ya watu na makampuni wameendelea kukijenga hadi leo. Kwa hiyo hakuna leseni ya kununua na huhitaji "crack".

Kama una simu ya Android, tayari unatumia Linux, kwa sababu Android imejengwa juu ya kiini chake. Na hapa Rwanda Linux si mgeni. Laptopu ndogo za kijani na nyeupe za mpango wa One Laptop per Child, ambazo serikali ilianza kuzipeleka katika shule za msingi mwaka 2008 na baadaye zikazidi 200,000, zilikuwa zinaendeshwa na Linux. Baadhi ya vijana wanaosoma makala hii walijifunzia kompyuta humo bila kujua jina lake.

Hata lugha yetu ina historia humo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Ziliwezekana kwa sababu programu huria haimlazimu mtu kuomba ruhusa ili aitafsiri.

Linux ina matoleo mengi. Moja linaitwa Ubuntu, lililoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Anayejua Kinyarwanda au Kirundi hahitaji kuelezwa jina hilo: ubuntu ni utu na ukarimu, na kitu cha "ku buntu" ni kitu cha bure.

Kwa mtu anayetoka Windows, toleo ambalo wengi hulizoea haraka ni Linux Mint, lililojengwa juu ya Ubuntu. Menyu iko chini kushoto, saa iko chini kulia, mafolda yanafunguka kama ulivyozoea. Linux Mint 22 itahudumiwa hadi mwaka 2029. Inahitaji angalau RAM ya GB 2, na GB 4 ndizo zinazopendekezwa. Ikiwa mashine yako ni dhaifu, chagua Linux Mint ya Xfce, kwa sababu ni nyepesi kuliko ile ya Cinnamon.

Kabla ya kuamua: nani asihame?

Hapa ndipo watu hukosea. Linux haifungui kila programu ya Windows. Jiulize maswali haya kwanza:

- Je, utafanya mtihani kwenye laptopu hii? Mtihani wa Kiingereza wa Duolingo, ambao wengi wetu huufanya kuomba vyuo vya nje, unahitaji Windows au kompyuta ya Mac. Baadhi ya vyuo vya mtandaoni pia hutumia programu ya kumlinda mtahiniwa inayoitwa LockDown Browser, nayo haikubali Linux. Ukifuta Windows wiki moja kabla ya mtihani, unaweza kupoteza nafasi uliyoisubiri mwaka mzima.
- Je, kazi yako inategemea Photoshop, Microsoft Office yenyewe, au programu ya hesabu ya Windows? Zipo mbadala kama GIMP na LibreOffice, lakini si kitu kile kile. Mwenye duka la kuchapa na kubuni kadi za harusi anaweza kupata hasara kwa kuhama ghafla.
- Je, printa au skana yako ni ya aina isiyo ya kawaida? Nyingi zinakubali, chache zinagoma. Jaribu kwanza.

Kwa upande mwingine, kama unachofanya ni kuandika, kusoma barua pepe, kufungua Irembo, kujaza fomu, kutumia WhatsApp ya kwenye kompyuta, kutazama video na kuhudhuria mikutano ya Zoom, Linux inatosha. Irembo na huduma nyingi za namna hiyo hufunguka ndani ya kivinjari, na Firefox inakuja tayari imo ndani ya Linux Mint. Chrome nayo inapatikana.

Aliye katikati anaweza kuweka mifumo yote miwili kwenye mashine moja. Ukiwasha, inakuuliza uingie Linux au Windows. Kwa mwanafunzi mwenye laptopu moja tu, hii mara nyingi ndiyo njia salama.

Hatua ya kwanza: hifadhi nyaraka zako

Usiende hatua nyingine kabla ya kumaliza hii. Kusakinisha mfumo mpya kunaweza kufuta diski yote, na kwa kawaida kilichofutwa hivyo hakirudi.

1. Tafuta flashi au diski ya nje yenye nafasi ya kutosha. Hii itakuwa ya nyaraka peke yake.
2. Nakili mafolda yote ya nyaraka, picha, vitu vilivyopakuliwa, na kila kitu kilicho kwenye uso wa kompyuta. Watu wengi husahau hicho cha mwisho.
3. Nyaraka zisizo na mbadala, kama diploma, vyeti vya kuzaliwa, uthibitisho wa usajili na karatasi za hospitali, ziweke pia mahali pa pili. Unaweza kuziweka kwenye Google Drive au kujitumia mwenyewe kwa barua pepe. Flashi huharibika na hupotea.
4. Andika kwenye daftari anwani zako za barua pepe na hakikisha unayakumbuka manenosiri yake. Wengi huingia kila siku kwa sababu kivinjari kinawakumbukia. Mfumo ukibadilika, kivinjari hakitakumbuka tena.
5. Toa flashi, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, na ufungue faili tano au sita. Kama zinafunguka, nakala ni nzuri. Kama hujajaribu kuzifungua, usiseme una nakala.

Jambo moja zaidi: baadhi ya laptopu za Windows zimefungwa kwa BitLocker, kufuli linaloficha diski nzima. Ukigusa mipangilio ya kuwashia, mashine inaweza kukuomba ufunguo wa tarakimu 48. Kabla ya kuanza, angalia katika mipangilio ya Windows kama BitLocker imewashwa. Kama imewashwa, andika ufunguo huo kwenye karatasi, au uzime BitLocker na usubiri hadi imalize.

Hatua ya pili: jaribu bila kusakinisha

Uzuri wa Linux ni kwamba unaweza kuionja kwanza. Unaiwasha kutoka kwenye flashi, unaitumia, kisha unaizima na Windows yako inabaki kama ilivyokuwa.

1. Ingia kwenye tovuti rasmi, linuxmint.com, na upakue faili ya Linux Mint. Ina ukubwa wa karibu GB 3, hivyo tafuta Wi-Fi badala ya kumaliza bando lako. Usichukue faili hiyo kwenye tovuti nyingine wala kwenye kundi la WhatsApp.
2. Tafuta flashi ya pili, ya GB 8 au zaidi, isiyo na kitu unachokihitaji. Itafutwa yote. Isiwe ile uliyohifadhia nyaraka. Kosa hili limewaliza wengi.
3. Tumia programu ya bure ya Rufus kwenye Windows kuandika ile faili kwenye flashi. Kunakili tu kwa kuburuta hakutoshi.
4. Zima laptopu, chomeka flashi, washa, na bonyeza mara kadhaa kitufe cha kuchagua pa kuwashia. Kwa laptopu nyingi za Lenovo, Dell na Acer ni F12. Kwa HP ni F9 au Esc. Kwa Asus ni Esc. Chagua flashi.

Ikiwaka, kagua mambo haya: Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Kamera inaonyesha? Mwanga wa skrini unapungua na kuongezeka? Printa inachapa? Usishangae ikiwa inaenda polepole, kwa sababu inasoma kutoka kwenye flashi. Ikishasakinishwa itaongeza kasi.

Kama Wi-Fi haishiki, unganisha simu yako kwa waya wa USB na uwashe kugawa intaneti kwa USB. Mara nyingi Linux itaipokea papo hapo, na baadaye unaweza kupakua programu inayoiamsha Wi-Fi.

Hatua ya tatu: kusakinisha

Chagua wakati umeme ni wa uhakika. Hakikisha cashpower haikaribii kuisha, betri imejaa na chaja imechomekwa. Kama betri ya laptopu imekufa na inategemea waya tu, usianze siku ya mvua yenye radi. Umeme ukikatika katikati, mashine inaweza kubaki haina Windows wala Linux.

Kwenye uso wa Linux iliyo kwenye flashi kuna alama ya kusakinisha. Ibofye mara mbili na ujibu maswali.

Lugha. Tafsiri ya Kiswahili haijakamilika, hivyo wengi watachagua Kifaransa au Kiingereza. Unaweza kubadilisha baadaye.

Kibodi. Hapa kuwa makini. Laptopu nyingi zilizotoka Ubelgiji au Ufaransa zina kibodi ya AZERTY, ambayo herufi A iko pale penye Q ya kibodi ya Kiingereza. Ukichagua vibaya, utaandika nenosiri moja na mashine itahifadhi jingine. Tena, AZERTY ya Ubelgiji na ya Ufaransa zinatofautiana katika alama. Kuna kisanduku cha kujaribia. Andika humo nenosiri lako lote ulione kwa macho kabla ya kuendelea.

Diski. Hili ndilo swali kubwa. Chaguo moja linaweka Linux kando ya Windows, na jingine linafuta diski yote. Soma mara mbili. Kama huna uhakika, simama, zima, na utafute mtu wa kukusaidia. Mpaka hapo hakuna kilichofutwa. Kwa wanaoweka mifumo miwili, acha angalau GB 40 kwa ajili ya Linux.

Kufunga diski. Ukichagua kufuta yote, utapewa pia nafasi ya kuifunga diski kwa nenosiri. Kwa anayebeba nyaraka za ulinzi au za familia, hili ni jambo zuri: laptopu ikiibiwa Nyabugogo, mwizi ataipata mashine lakini hatasoma kilichomo. Ila ukisahau nenosiri hilo, hakuna fundi wala ofisi itakayoweza kuifungua. Liandike na ulihifadhi mahali salama nyumbani.

Kazi yote kwa kawaida haizidi saa moja. Mwishoni itakuambia uzime na uchomoe flashi.

Wiki ya kwanza: vitu vitakavyokusumbua

*Hati za Word.* LibreOffice inafungua na kuhifadhi faili za Word na Excel. Lakini yenyewe hupenda kuhifadhi kwa aina yake, ambayo anayepokea anaweza kushindwa kuifungua. Unapohifadhi, chagua aina ya Word, yaani docx. Na kwa wasifu wa kazi au barua ya maombi, tuma PDF, kwa sababu mpangilio wake hauharibiki ukifunguliwa kwingine.

*Kupata programu.* Usitafute programu ovyo mtandaoni kama kwenye Windows. Linux Mint ina duka lake la programu, zote za bure. Mara nyingi programu moja inakuja kwa namna mbili: ya mfumo na ya Flatpak. Ya Flatpak hupakua vitu vingi zaidi. Anayelipia bando achague ya mfumo.

*Masasisho.* Linux Mint hukuonyesha kwamba kuna marekebisho, lakini kwa kawaida haiyapakui mpaka ukubali. Subiri ufike penye Wi-Fi, kisha ukubali. Usikae miezi bila kufanya hivyo, la sivyo umeikimbia hatari ya Windows 10 na kuikuta huku.

*Timeshift.* Programu hii inapiga picha ya mfumo ili ukiharibu kitu urudi nyuma. Kumbuka inahifadhi mfumo tu, si nyaraka zako. Nyaraka endelea kuzinakili mwenyewe.

*Flashi zenye virusi.* Wengi tunajua ile flashi iliyotoka kwenye duka la kuchapa, ambayo mafolda yake yamegeuka kuwa vijialama visivyofunguka. Mara nyingi faili zako zimefichwa tu, hazijafutwa. Ukiichomeka kwenye Linux, kwa kawaida utaziona, na virusi vya aina hiyo vilivyotengenezwa kwa ajili ya Windows havitafanya kazi. Nakili faili zako halali, kisha uifomati flashi.

Linux haikulindi na kila kitu

Ni lazima tuseme hili wazi. Linux inaziba matundu ya mashine, lakini haiwezi kukuzuia wewe kumpa mtu ufunguo. Ukipokea ujumbe unaosema familia yako imechaguliwa kwenda Kanada na unatakiwa kutuma pesa au kujaza fomu kwenye kiungo fulani, ni utapeli, uwe kwenye Windows, Linux au simu. Huduma za UNHCR na washirika wake, pamoja na uhamisho kwenda nchi ya tatu, hazilipiwi. Vilevile usimpe mtu yeyote namba yako ya siri ya MoMo wala ya Airtel Money.

Na kama leo Windows yako iliwezeshwa kwa "crack", jua kwamba programu hizo mara nyingi hubeba virusi vya kuiba manenosiri. Baada ya kuhama, badilisha manenosiri ya barua pepe na ya akaunti zako muhimu.

Ukimpa fundi kazi hii

Si lazima ufanye mwenyewe. Lakini kabla ya kuiacha mashine mkononi mwa mtu, muulize maswali haya mbele yako:

- Je, utafuta diski au utaweka Linux kando ya Windows?
- Je, umeniona nikihifadhi nyaraka zangu, au unaahidi tu kuzihifadhi?
- Ni toleo gani la Linux, na umelipakua wapi?
- Gharama ni kiasi gani, na inahusisha nini? Mfumo ni wa bure, hivyo unalipia kazi na bando lake, si leseni.
- Nikishindwa wiki ijayo, utanisaidia?

Flashi yenye nyaraka ibaki kwako, usimwachie pamoja na laptopu. Nenosiri liweke mwenyewe.

Kama laptopu inasuasua hata baada ya kuhama, tatizo linaweza kuwa diski ya zamani inayozunguka. Kuibadilisha kwa diski ya SSD, hata ndogo, ndiko kunakoleta mabadiliko makubwa kuliko yote kwenye mashine ya miaka kumi. Na mashine iliyokufa kabisa usiitupe kwenye takataka za nyumbani, kwa sababu betri zake zina sumu. Enviroserve Rwanda, yenye kiwanda Bugesera, ndiyo inayokusanya na kuchakata taka za kielektroniki nchini.

Nikijuta, naweza kurudi?

Ndiyo. Ikiwa laptopu ilikuja na Windows halali, leseni yake imefungamana na mashine yenyewe. Ukiisakinisha tena Windows ile ile, kwa kawaida itaitambua mashine ikiunganishwa na intaneti, bila wewe kununua kitu. Kisichorudi ni faili ambazo hukuzinakili.

Kwa ufupi

1. Angalia kwanza kama mashine inakubali Windows 11.
2. Kama una mtihani unaodai Windows, usiifute. Weka mifumo miwili au subiri.
3. Hifadhi nyaraka mahali pawili, na uzifungue kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha.
4. Tumia flashi mbili: moja ya nyaraka, moja ya Linux.
5. Jaribu Linux kutoka kwenye flashi kabla ya kusakinisha.
6. Hakikisha kibodi na nenosiri vinalingana.
7. Sasisha mfumo kila unapopata Wi-Fi.

Kama kuna jirani, shangazi au mwanafunzi mwenzako mwenye laptopu ya Windows 10, msaidie walau hatua ya kuhifadhi nyaraka. Hata kama hatahama kamwe, siku mashine itakapokufa, diploma yake itakuwa bado ipo.